Mtoe panya kwanza: namna ya kuangalia katuni mbovu na watoto bila kuizima

Ninafundisha Historia na Uraia hapa Morogoro. Baadhi ya Jumamosi huwa naangalia katuni na wanafunzi wa kidato cha pili, pamoja na watoto wa kaka yangu ambao huja kwa kisingizio cha kumsalimu shangazi, kumbe wanafuata projekta. Wazazi huniuliza kwa nini sichagui katuni nzuri. Nzuri wataziangalia wenyewe. Inayohitaji mtu mzima pembeni ni ile iliyokusudia mema ikaharibu, iliyotaka kusema jambo kubwa kuhusu ubaguzi au maradhi au umaskini, ikalisema vibaya kiasi kwamba mtoto anaondoka akidhani ameelewa.

Mfano ninaoutumia ni Captain Planet and the Planeteers. Ni ya Marekani, ilibuniwa na Ted Turner, yule tajiri mwanzilishi wa CNN, akishirikiana na Barbara Pyle. Ilianza kurushwa Septemba 1990, ikaendelea hadi 1996, jumla ya sehemu 113. Kisa chake ni hiki: Gaia, roho ya dunia, amechoka kuona dunia inachafuliwa, anawagawia vijana watano pete zenye nguvu za ardhi, moto, upepo, maji na moyo. Wakiunganisha nguvu hizo anaibuka Captain Planet, jamaa wa buluu mwenye nywele za kijani, anamaliza kazi, kisha anawaambia watoto kwamba nguvu ni yao. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, kwa hiyo wengi tulikutana naye kwa kuchelewa, kwenye mikanda ya video ya kuazima.

Kwenye takataka na ukataji miti katuni hii ilijitahidi. Shida ilianza watengenezaji walipoona mafuta yaliyomwagika baharini hayatoshi, wakaingia kwenye vita vya Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, ubaguzi wa rangi, UKIMWI, dawa za kulevya na ongezeko la watu. Kila jambo lilipewa dakika 22 hivi na adui mmoja wa kupigwa.

Kabla hujabonyeza

Chagua sehemu moja tu. Ukiweka tatu mfululizo watoto wanaanza kufuatilia steringi na kusahau jambo linalozungumzwa. Usiwaambie kwamba ni mbovu, maana ukishasema hivyo wataanza kukutafutia makosa ili kukufurahisha.

Waulize kwanza wanajua nini kuhusu jambo lenyewe, uandike ubaoni maneno yao kama walivyoyasema, hata yaliyokosewa. Usifute. Utayahitaji baadaye kuona kama katuni iliongeza kitu juu ya kile walichokuja nacho. Mara nyingi haiongezi, na wenyewe wanaliona hilo bila kuambiwa.

Lugha ni Kiingereza, basi itabidi utafsiri kadiri picha zinavyokwenda, kama jamaa wa filamu zilizotafsiriwa kwenye vibanda umiza. Tofauti ni kwamba yule hulipwa kwa kuongeza chumvi, wewe usiongeze hata punje. Mhusika akisema jambo la kijinga, litafsiri na ujinga wake. Ukilinyoosha wewe, watoto watakuwa wameangalia katuni yako, siyo ile iliyotengenezwa.

Angalieni mara mbili. Mara ya kwanza moja kwa moja, wacheke, washangilie, usikatize. Mara ya pili simamisha picha mahali patatu: adui anapotokea kwa mara ya kwanza, mwenyeji wa pale mahali anapofungua mdomo kwa mara ya kwanza, na hatari inapokwisha. Andika dakika ya kila kituo. Utashangaa ni mara ngapi adui ameshatangulia kuongea kabla ya mtu yeyote anayeishi na tatizo.

Mtoe panya

Sehemu ninayoanza nayo inaitwa "If It's Doomsday, This Must Be Belfast". Adui ni Verminous Skumm, nusu mtu nusu panya. Anazunguka mahali patatu penye mgogoro, Ireland ya Kaskazini, Afrika Kusini na Mashariki ya Kati, akizigawia pande zinazogombana mabomu ya nyuklia ili zimalizane. Vijana wa pete wanakwenda, wanawasihi watu waache chuki, na muda wa kipindi ukiisha na balaa limekwisha.

Chora ubaoni safu tatu: nani anaumia, nani ananufaika, nani alianzisha. Wanafunzi wajaze kwa kutumia yale tu waliyoyaona. Safu ya tatu watakujazia jina moja, Skumm. Sasa lifute jina hilo, halafu uliza swali ambalo kwangu ndilo somo zima: panya akiondoka, tatizo limebaki au limeondoka naye?

Kwa Afrika Kusini hapa kwetu jibu halihitaji msaada wa mwalimu. ANC, wapigania ukombozi wa nchi hiyo, walifanya mkutano wao mkubwa Morogoro mwaka 1969. Mazimbu, pembeni kidogo ya mji, walianza kujenga shule yao miaka ya 1970 na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Walituachia majengo mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi yao yako palepale. Wapeleke watoto wasome majina kwenye yale mawe kabla ya kuangalia katuni, au baada, vyovyote vile. Mwanafunzi aliyesimama pale hawezi tena kukubali kirahisi kwamba kilichowatoa wale watu kwao kilikuwa ni chuki iliyowapanda kichwani tu.

Kilichowatoa ni sheria zilizoandikwa, zikapigiwa kura, zikatiwa saini. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwaachia Waafrika asilimia kama 7 ya ardhi ya nchi yao. Mwaka 1950 zikapitishwa mbili nyingine: moja ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake, nyingine ya kugawa mitaa kwa rangi. Kulikuwa na pasi ambazo Mwafrika alitakiwa kutembea nazo, na waliokusanyika Sharpeville tarehe 21 Machi 1960 kuzipinga walipigwa risasi na polisi, wakafa 69. Andika haya upande wa pili wa ubao. Kisha waulize Skumm angeingia wapi hapo. Hana nafasi, kila kiti kimekaliwa na mtu mwenye cheo na mshahara.

Kuna jambo moja la kuwaachia mwisho, kwa sababu huwa linawaamsha hata waliosinzia. Katuni inamleta panya kutoka nje na mabomu yake. Lakini Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa na mabomu yake yenyewe ya nyuklia, sita yaliyokamilika, yaliyotengenezwa na wataalamu wa serikali kwa fedha za serikali. F. W. de Klerk, rais wa nchi hiyo, alilitangazia bunge jambo hilo Machi 1993, akisema yameshavunjwa. Watunzi walitafuta uongo wa kutisha, na ukweli wa kutisha zaidi ulikuwepo ukiwasubiri.

Humohumo kuna kosa jingine, la hatari zaidi kwa sababu linafanana na haki. Panya anagawa mabomu kwa kila upande, basi mtoto anahitimisha kwamba pande zote zina kosa sawa, wagombanao ndio wapatanao, washikane mikono twende nyumbani. Hapa msiharakishe. Uliza nani alikuwa na polisi, nani alikuwa na mahakama, nani alikuwa na gereza, nani alikuwa anapiga kura. Waafrika wa Afrika Kusini walipiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Swali hilohilo lipelekeni Belfast, ambako mwaka 1968 watu waliandamana wakidai vitu vya kawaida kabisa: kura ya haki kwenye halmashauri, nyumba, ajira. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji mjini Derry, wakafa 13 siku ileile. Na waliouawa kwa mabomu ya IRA, kundi la wapiganaji waliotaka Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, wakiwemo watu waliokuwa wanakunywa bia yao tu, nao wawekeni ubaoni. Kuuliza nguvu ilikuwa kwa nani hakumsafishi mtu yeyote aliyeua.

Mwanafunzi mjanja anaweza kukuambia kwamba silaha kweli zilitoka nje. Mpe haki yake. IRA walipata silaha kutoka Libya, na meli iitwayo Eksund ilikamatwa na Wafaransa mwaka 1987 ikiwa imejaa shehena hiyo. Kwa hiyo mleta silaha yupo katika historia. Ila mleta silaha alimkuta mteja ameshakasirika. Katuni inatuonyesha mleta silaha, haituambii mteja alikasirikia nini.

Panya kwenye UKIMWI

Usiwalishe watoto dharau. Ukiwaonyesha sehemu mbaya tu, watajifunza kubeza, na kubeza ni kazi rahisi. Ndiyo maana ya pili ninayowawekea ni "A Formula for Hate", ya mwaka 1992, kuhusu kijana nyota wa mpira wa kikapu aitwaye Todd anayegundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Kwa katuni ya watoto ya wakati ule huo ulikuwa ujasiri. Inasema wazi kwamba kumgusa mtu au kukaa naye darasa moja hakuambukizi. Sauti ya mama yake Todd ni mwigizaji maarufu wa filamu Elizabeth Taylor, aliyekuwa akipigania wagonjwa wa UKIMWI tangu miaka ya 1980, wakati watu maarufu wengi walikuwa wanakwepa hata kulitaja jina. Waambie watoto hayo yote.

Kisha rudini kwenye safu ya tatu. Nani alianzisha uvumi kuhusu Todd? Skumm tena! Panya ndiye anayepita akiwatia watu hofu, na uongo wake ukifichuka jamii inarudia wema wake wa asili.

Wekeni pembeni yake kisa cha kweli cha Ryan White wa Kokomo, Indiana, huko Marekani. Aliugua kwa sababu ya dawa ya damu aliyokuwa anatumia kwa ugonjwa wa damu kutoganda, na mwaka 1985, akiwa na miaka 13, uongozi wa shule ulimzuia kurudi darasani. Wazazi wa wenzake waliunga mkono. Alifariki Aprili 1990, miezi michache kabla katuni hii haijaanza kurushwa, kwa hiyo watunzi hawakuwa na haja ya kubuni. Watu waliomfukuza walikuwa majirani, wanaosali, wanaolipa kodi, wenye watoto wao.

Na sisi je? Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kila mtu wa umri wangu ana ndugu aliyetengewa kikombe na sahani. Aliyeitenga sahani hiyo alikuwa mama, shangazi, wifi, mtu aliyempenda na kumwogopa kwa wakati mmoja. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi, na sheria haitungwi kwa ajili ya panya. Hapa mwalimu angalia sana darasa lako. Yumkini yupo mtoto anayeishi na virusi, au aliyelelewa na bibi kwa sababu hiyo. Usiombe mtu atoe mfano wa nyumbani kwake. Mifano ni ya kutoka vitabuni na ya kwako mwenyewe, basi.

Mengine ya kuangalia, kwa haraka

Tazameni nani ana kwao. Kati ya wale vijana watano wa pete, Wheeler ni wa Brooklyn, New York, hadi mtaa unajulikana. Kwame ni wa "Afrika". Jina lake la Kighana lingetosha kumpa hata kijiji, lakini katuni inamtambulisha kwa bara zima, kana kwamba anaweza kuamka asubuhi Accra na jioni akachota maji Kilosa. Inafaa kusemwa kwamba yeye ndiye mwenye busara kuliko wote, na kwamba sauti yake ni LeVar Burton, mwigizaji anayeheshimika. Msilitumie suala hili kama rungu. Waulizeni tu watoto Kwame anakula nini kwao, anaongea lugha gani na mama yake, halafu watafute jibu kwenye katuni.

Tazameni pia ukubwa wa dawa ukilinganisha na ukubwa wa ugonjwa. Kila sehemu humalizika kwa ushauri mfupi kwa mtazamaji: zima taa, usitupe taka. Kwenye ile ya ongezeko la watu ushauri ni kuwa na familia ndogo. Mimi sina ugomvi na uzazi wa mpango. Ila Mmarekani mmoja kwa mwaka hutoa hewa ukaa zaidi ya mara 40 ya ile anayotoa Mtanzania mmoja, na hesabu hiyo haimo. Mtoto wa Mvomero akiangalia anabaki na wazo kwamba mama yake mwenye watoto sita ndiye anayeimaliza dunia.

Waandike upya

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kote. Kukosoa bila kujaribu kutengeneza kunawafanya watoto wadhani utunzi ni mchezo. Wagawe makundi ya watu wanne au watano, uwape jambo la nyumbani. Sisi huwa tunachukua Bwawa la Mindu, ambalo mji unalitegemea kwa maji na ambalo tope linazidi kuingia. Sharti ni moja: hakuna panya. Hakuna mtu anayechafua kwa sababu anafurahia uchafu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa uchungu kabisa, "Sasa mwalimu, tutampiga nani?" Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye kazi hii. Sikumjibu, nilimwambia akaorodheshe watu wanaogusa yale maji kabla hayajafika bwawani. Walirudi na mkulima anayelima mteremkoni kwa sababu shamba la bonde lilishauzwa, mchoma mkaa, mwenye tanuru la tofali, afisa anayetoa vibali, na mama wa mjini anayenunua huo mkaa kwa sababu gesi imepanda bei. Yule mama ndiye aliyewasumbua zaidi, maana walimfahamu.

Ukiona wanataka kumgeuza mkulima kuwa adui, wape historia ya Uluguru. Waingereza nao walikuja kuuokoa mlima. Walilazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 Waluguru waligoma, pakatokea ghasia, mpango ukaachwa. Udongo ulikuwa kweli unaporomoka. Na watu walikuwa kweli wanaonewa. Hadithi inayoweza kubeba sentensi hizo mbili bila kuangusha mojawapo imeshaishinda katuni ya Ted Turner, hata kama imechorwa kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la mistari.

Mwisho wa hadithi zao utakusumbua. Wengi watamaliza kwa mkutano wa kijiji ambapo mtu mwenye busara anahutubia na wote wanakubali. Huyo ni Captain Planet aliyevaa koti. Warudishie, uwaambie waonyeshe ni nani aliyepoteza kitu ili makubaliano yapatikane, na ni kitu gani. Kama hakuna aliyepoteza, waendelee kuandika.

Kwa wanaotaka kuandika uhakiki badala ya hadithi, ninawadai kitu kimoja. Kila lawama ije na tukio lake: dakika ya ngapi, nani alisema nini, nani hakuulizwa. "Katuni hii inaboa" sisahihishi. "Dakika nzima ya mazungumzo ya Skumm, na mwenyeji hajasema neno" naipa alama, hata kama Kiswahili chake kina makosa ya tahajia.

Watoto walio chini ya miaka tisa hivi wasiletwe kwenye hizi mbili nilizozitaja. Wao wekeeni zile za takataka na nyangumi, wacheke na Captain Planet wao wa nywele za kijani, panya apigwe. Watoto wa kaka yangu wadogo hukaa hivyo hivyo, wakubwa wakifika kwenye safu tatu hao wadogo wanatolewa nje wakacheze, na huwa hawalalamiki sana mradi bisi zimebaki.